Kishona Nguo Kilivyopanda Mlima

Ofisini wanamwita Mama Fremu, kwa sababu ya ile fremu ya mbao anayopanda nayo mlimani kila mwaka. Huilaza palepale alipoilaza mwaka uliopita, hupiga magoti, na kuandika kila mmea uliomo ndani yake. Baadaye huchora ramani: mimea ipi imehamia juu, ipi imerudi chini, ipi imetokomea. Magoti yanamuuma, lakini husema anaipenda kazi hiyo kuliko kula, na aliyewahi kumwona akila anajua hilo si neno dogo.

Mwaka huu alikuwa na habari ya kutamba nayo. Kishona nguo, gugu la bondeni lenye vimbegu vyeusi vinavyong'ang'ania nguo, kilikuwa kimefika karibu na kilele. Joto limezidi, magugu yanahama. Ndivyo ramani yake ingeonyesha kwenye mkutano mbele ya wakuu na wageni. Alishawatangazia mpaka mawifi.

Jumapili mumewe, fundi viatu asiyeishiwa mizaha, alikuwa uani anafua. Akainua soksi moja kwa vidole viwili.

"Mama watoto, hizi nifue au nipalilie?"

Soksi ilikuwa nyeusi tii kwa mbegu. Mama Fremu alicheka mpaka akashika mbavu. Ghafla kicheko kikamkauka.

"Ala! Kumbe ni mimi!"

"Wewe umefanyaje tena?"

"Ndimi ninayekipandisha! Kila mwaka napita bondeni, nafuata njia ileile, nafika juu napiga magoti. Na fremu zangu zote ziko kando ya njia!"

"Sasa nani atajua? Soksi hazina mdomo."

"Njia ya mwongo fupi, baba watoto."

Kesho yake alimburuta dereva wa ofisi mpaka upande wa nyuma wa mlima, usio na njia. Kabla ya kupanda walipiga viatu brashi na kukung'uta suruali, dereva akinung'unika kwamba hata harusini hakuwahi kutakata hivyo. Huko juu hawakuona kishona nguo hata kimoja. Mama Fremu akaketi kwenye jiwe, aibu imemjaa. Kujisifu kote kule, kumbe kazi ya soksi!

Aliposhika kijiti ili ainuke, kikagoma kung'oka. Akakitazama vizuri. Kilikuwa mche wa mti wa msituni, na pembeni yake kulikuwa na mwingine, na mwingine. Ramani ya zamani ilionyesha msitu ukiishia chini kabisa ya hapo, na mbegu za mti ule ni kubwa kama yai. Hakuna soksi ya kuzibeba. Alipiga kigelegele, dereva nusura adondoke.

Siku ya mkutano alisimama mbele na ramani yake.

"Msitu unapanda, na ushahidi ninao. Lakini kishona nguo nimekifuta kwenye ramani. Nilikipandisha mimi, kwa soksi zangu."

Ukumbi mzima ulikuwa watafiti wa mimea kama yeye, na Mama Fremu akaona kazi yake imekwisha. Kisha mgeni mmoja wa mbele akachungulia miguu yake mwenyewe chini ya meza. Jirani yake naye akachungulia. Mara vichwa vikawa vinainama safu kwa safu, huku watu wakiguna.

"Endelea, mama, tunakusikiliza," akasema mkuu wa idara, akichomoa mbegu kwenye soksi yake.