Mhariri Wetu na Neno Ajali

Mhariri wetu alikuwa na Mmarekani wake. Alimpata kwenye kitabu kikuukuu cha mtumba: maisha ya mhariri wa gazeti la mji mdogo wa Marekani katika karne ya kumi na tisa, aliyeishia kuwa mwanasiasa. Kila Jumamosi, tukikunja gazeti letu la kurasa nne, gazeti la Wakongo tulio ugenini, pale mtaani Troyeville, alituhadithia. Treni ilipoponda vibarua, magazeti mengine yaliandika "ajali". Mmarekani aliandika jina la tajiri aliyeacha breki mbovu.

"Hapa kwetu hakuna ajali," mhariri alikuwa akisema, kalamu nyekundu mkononi. "Mukiandika ajali, muniambie kwanza, nani aliachaka kitu mubovu?"

Nilikuwa nikilisahihisha gazeti lile bila malipo, na nilimwamini. Mume wangu alinitania kwamba nimeolewa mara ya pili, na mume mwenzake ni Mmarekani marehemu.

Mume wangu alikuwa mlinzi wa ghala Doornfontein. Geti la kusukuma lilikuwa limetoka kwenye reli yake. Alimwambia mwenye ghala, Mkongo mwenzetu, akaambiwa avumilie. Asubuhi moja likamwangukia akimfungulia tajiri huyo huyo. Habari niliiandika mwenyewe. Nilitaka kitu kimoja tu: watu wasome kwamba uzembe ndio uliomuua, na uzembe huo ulikuwa wa nani.

Wakati huo mhariri alikuwa ameanza kugombea ubunge nyumbani, Lubumbashi. Pesa za fulana zenye sura yake zilitoka mfukoni mwa mwenye ghala. Gazeti lilipotoka, habari yangu ilikuwa mistari mitatu chini ya tangazo la saluni: "Ajali yamwondoa mlinzi wetu mpendwa." Mpendwa! Hasira iliyonishika siku ile haijanitoka hadi leo.

Kitabu kilikuwa kwenye rafu pale ofisini. Nikakichukua bila kuomba, nikasoma nusu ambayo hakutuhadithia kamwe. Mmarekani alishinda uchaguzi. Alikwenda bungeni kwa treni, kwa tiketi ya bure aliyopewa na tajiri yule yule wa breki mbovu, na tangu hapo gazeti lake likawa linaandika "ajali" kama mengine.

Mkutano wa kumuaga mhariri, aliyekuwa akirudi Lubumbashi kwa uchaguzi, ulifanyika kwenye ukumbi wa kanisa. Alinishika mkono mbele ya watu.

"Shemeji, ile ajali ilituumiza shiye bote."

"Nani njo aliachaka ile geti mubovu?" nikamuuliza kwa sauti, vile vile alivyotufundisha.

Mwenye ghala alikuwa ameketi kiti cha mbele, macho kwenye simu. Mhariri akatabasamu, akamwashiria mpiga kinanda aanze. Watu wakasimama kuimba.

Siku hizi ni mheshimiwa. Mimi hupita Doornfontein kila asubuhi nikienda kwenye cherehani yangu. Geti ni lile lile. Mlinzi mpya, Mrundi mmoja mpole, hulisukuma kwa bega.