Kitenzi Nilichomfundisha Mama

Mama alikuwa na haja moja tu: kuongea na mjukuu wake kwa kinywa chake mwenyewe. Kaka yangu amezalia Ulaya, na binti yake wa miaka saba hajui Kiswahili wala Kinyambo chetu. Kiingereza tu. Tuliposikia wanakuja Krismasi, mama akanipigia simu Kihanga ninakofundisha Kiingereza. "Si wewe mwalimu? Njoo unifundishe."

Nikamchagulia kitenzi kimoja, "get". Tukiwa jikoni kwake Nyakakika tukimenya ndizi, nilimweleza: hicho ni kupata, ni kufika, ni kuelewa, ni kuamka, hata ukiloweshwa na mvua utakitumia hichohicho. Mama alicheka mpaka kisu kikamponyoka. "Ebo! Kitenzi gani hiki, kibarua wa kila shamba?" Lakini alikishika. Kila Jumamosi nilimkuta ametunga sentensi mpya, anaiambia migomba.

Siku ya wageni alivaa kitenge kipya. Kwetu mgeni hukaribishwa kwa kahawa ya kutafuna, zile buni zilizochemshwa na kukaushwa na maganda yake. Mama akainama, akamsogezea mtoto kikapu kidogo, akasema taratibu, "You get coffee." Mtoto alishaelewa. Mkono ulishanyooka. Na mimi, kwa kiherehere changu cha ubaoni, nikadakia mbele ya watu wote: "Hapana mama, hapo hatusemi hivyo!" Watu wakacheka. Nami nikacheka, Mungu anisamehe.

Mama akaweka kikapu chini. Wiki mbili nzima hakutamka tena neno la Kizungu. Nikimbembeleza, ananijibu, "Sema wewe unayejua." Nilijichukia, na bado najichukia.

Asubuhi ya kuondoka alimshika mtoto mashavu, akaongea naye Kinyambo, kirefu. Kwamba ana macho ya babu yake. Kwamba migomba ile nyuma ya nyumba ni yake, hakuna wa kumnyang'anya. Kwamba yeye amezeeka, huenda wasionane tena, na kwamba alitamani sana waongee. Mtoto akanigeukia, akaniuliza bibi anasema nini. Miaka yote hiyo ya chaki, nikaambulia kumwambia: anakutakia safari njema.

Gari lilipoondoka, mama akaniuliza, "Umemwambia yote?"

"Yote, mama."

Akanitazama. "Kumbe Kizungu ni kifupi hivyo," akasema, akaingia ndani.