Mwanaume wa Boma Alikuwa Mama

Iko siku moja ambayo nikiikumbuka, hata leo na mvi zangu hizi, masikio yananiwaka moto. Nilikuwa na miaka kumi na mitano, nimetoka jandoni wiki mbili tu, bado natembea kwa uangalifu, na nikamwambia mama yangu mzazi kwamba mambo ya wanaume hayamhusu. Nakusimulia wewe, mwanangu, kwa sababu Desemba hii utaingia kibandani kutahiriwa, na najua watakaokuja kukusifu ukitoka watakuwa wengi.

Nianze na mama mwenyewe. Aliitwa Igoki. Alizaliwa Embu, upande wa Karurumo, akaolewa huku kwetu Nkubu na askari wa jeshi. Baba alimchukua wakakae kambini, wakaishi kota mwaka mmoja, na mimi nikazaliwa huko. Kisha babu akaugua na ikabidi mtu arudi kutunza shamba. Mtu huyo akawa mama. Tangu hapo baba alikuwa mume wa barua. Alikuja likizo mara moja kwa mwaka na begi lake la turubai, akakaa mwezi mmoja, akaondoka, na baada ya miezi kadhaa mama akajifungua tena. Usicheke. Ndivyo sisi watano tulivyopatikana.

Kila asubuhi mama alitupanga mstari nje ya jikoni na kutukagua kucha, masikio na kola za mashati. Mambo hayo aliyatoa kota. Mwenye shingo chafu alirudishwa kwenye beseni, hata kama kengele ya shule imeshalia. Alichuma kahawa, alilima ndizi, na kule chini kando ya kijito alikuwa na shamba la nduma, yale magimbi, ambalo halikukauka hata kiangazi kikiwa kikali. Majirani waliponunua chakula sokoni, sisi tulichimba chetu. Barua za baba alitusomea mezani, akiruka mistari fulani na kutabasamu peke yake. Watu walimcheka kwa Kimeru chake chenye lafudhi ya Kiembu, wakamwita mjane wa serikali. Naye alicheka pamoja nao, kisha akaokota jembe lake.

Basi ukaja mwaka wa wapimaji. Zamani hizo mashamba hayakuwa na hati. Ilitangazwa kwamba wapimaji watafika, wazee wa ukoo wataonyesha mipaka, na kitakachoandikwa siku hiyo kitabaki hivyo daima. Baba alikuwa kaskazini, mpakani, mahali ambapo barua ilichukua miezi kufika. Na mimi ndio kwanza nilikuwa nimetahiriwa.

Kwetu, kijana aliyetoka jandoni halali tena nyumba moja na mama yake. Anajengewa kibanda chake, anaketi na wanaume, na mambo ya kitoto anayaacha. Ni mila nzuri, siitupi. Lakini sikiliza ilivyonipeleka vibaya. Baba mdogo wangu, Muriungi, ndugu wa baba wa kumfuata, aliniita kwake jioni moja. Kulikuwa na wanaume watatu na mbuzi wa kuchoma. Akanipa kigoda. Mwanangu, sikuwahi kupewa kigoda na mtu maishani mwangu. Nilizoea kuketi juu ya jiwe au gogo, au kusimama. Kisha akanikatia ubavu mzima.

"Mutwiri," akaniambia, "baba yako hayuko. Sasa mwanaume wa boma lile ni nani?"

"Ni mimi," nikasema, mdomo umejaa nyama.

"Hata mimi naona hivyo. Basi sisi wanaume tuongee. Ule upande wa kijito uko karibu na kwangu. Nyinyi mchukue huku juu kwenye mteremko, mimi nichukue kule chini. Ni kubadilishana tu, sisi ni jamaa. Wapimaji wakija, wewe useme ndiyo."

Mteremko ule ulikuwa mawe matupu. Mbuzi wenyewe walipita pale haraka. Nililijua hilo kama ninavyojua jina langu, na bado nikasema ndiyo mbele ya mashahidi, kwa sababu ya kigoda na ubavu. Nilirudi nyumbani kifua mbele.

Mama alikuwa jikoni akikoroga uji wa wadogo zangu. Nikasimama mlangoni, maana mwanaume haingii jikoni, nikamtangazia habari yangu. Aliendelea kukoroga. Kisha akauliza, "Umesema hivyo mbele ya nani?"

Nikamtajia.

"Na watoto hawa watakula mawe?"

Hapo ndipo nilipolisema lile neno. "Mama, mambo ya wanaume hayakuhusu."

Hakunipiga. Laiti angenipiga. Aliweka mwiko chini, akanimiminia uji kikombeni. Halafu akasema, "Haya, mwanaume. Uji wako uko pale," akaendelea kuwapakulia wadogo zangu. Uji ule sikuuonja.

Asubuhi yake dada yangu alimwuliza kama atamwandikia baba. Nilikuwa nje, nikasikia jibu. "Aliyeshika bunduki hatumiwi barua ya kumtetemesha mkono," mama alisema. "Mwacheni baba yenu alinde mpaka wake. Huu wa hapa ni wangu."

Siku ya kupima, wanaume wote wa ukoo walikusanyika kule chini kwenye kijito. Mkubwa wao alikuwa Mzee M'Ikiara, ambaye sauti yake ilikuwa ndogo na hakuna aliyethubutu kumkatiza. Wanawake hawakuitwa. Baba mdogo alikwisha kuanza kuonyesha mpaka wake mpya kwa fimbo, na mimi nimesimama pembeni yake tayari kuitikia, tulipomwona mama akishuka kati ya migomba. Alikuwa amevaa koti la jeshi la baba, lile zito la baridi, mikono yake imekunjwa mara tatu na pindo linagusa magoti. Jua lilikuwa kali. Watu wakaanza kucheka.

"Mama Mutwiri, hapa ni baraza la wanaume," baba mdogo akasema.

"Najua," mama akajibu. "Ndiyo maana nimemleta mwanaume wangu. Hakuweza kuja mwenyewe, yuko kazini anawalinda nyinyi mlale. Hili ni koti lake. Mimi nimelibeba tu."

Kicheko kikakatika. Mama hakumngoja mtu ampe ruhusa. Alitembea mpaka kwenye mmea mmoja wenye majani marefu, akauweka mkono. "Hii kwetu Karurumo tunaiita itoka. Tunaipanda mpakani kwa sababu haifi. Ukiikata inaota, ukiichoma inaota. Nilikuja nayo kutoka kwa mama yangu nikiwa bibi harusi, mkanicheka kwamba mke wa askari analima maua. Nilizihamishia hapa siku baba mkwe alipotuonyesha mpaka. Hesabuni, zinashuka mpaka majini."

Kisha akageuka. "Na wewe, Mzee M'Ikiara, siku hiyo ulikuwepo. Ulikuwa umeshika panga, ukanichimbia shimo la kwanza kwa sababu nilikuwa na mtoto mgongoni. Mtoto mwenyewe ndiye huyo anayetaka kuitikia."

Mzee M'Ikiara aliinama akaushika ule mmea. "Ni kweli," akasema. "Nilichimba." Akamtazama baba mdogo mpaka fimbo ikashuka yenyewe. Halafu akaniita mbele ya watu wote.

"Kijana, nani alikuambia wewe ni mwanaume wa boma?"

Nikamwonyesha baba mdogo kwa macho.

"Alikupa nini?"

"Kigoda," nikasema. Nikaongeza kwa sauti ndogo, "na ubavu."

Wazee walicheka, lakini yeye hakucheka. "Sikiliza. Kisu kilikukata ngozi. Hakikukukata kutoka kwa mama yako. Tulikutoa utotoni ili umsaidie kubeba, wewe ukaanza kwa kumpokonya. Mwanaume wa boma hili umemwona leo. Amevaa koti."

Wapimaji walifuata itoka mpaka majini na kuandika jina la baba. Mama akapiga vigelegele mara tano, kwa mtoto mmoja mmoja, na wanawake waliokuwa wamejificha kwenye kahawa wakaitikia kutoka pande zote. Sijasikia tena shangwe kama ile. Baba mdogo alitozwa kondoo dume, kondoo huyo akaliwa palepale, na mama akapelekewa nyama yake jikoni kwa heshima.

Mimi wazee hawakunitoza kitu. Nilijitoza mwenyewe. Kesho yake nilichukua debe la mama na ile kamba ya ngozi ambayo wanawake huifunga kwenye paji la uso, nikashuka kijitoni, nikapanda na maji mgongoni mchana kweupe. Vijana tuliotahiriwa pamoja walinicheka hadi wakakaa chini. Nilifanya hivyo mpaka shule ilipofunguliwa. Mama hakusema asante wala hakusema basi. Siku ya tatu tu nilikuta amenifungia kitambaa kwenye kamba ili isiniumize.

Baba alirudi likizo mwaka uliofuata, na baada ya miaka mingi akastaafu, akarudi moja kwa moja. Alizeeka akiota jua kando ya kijito chake, akila nduma zake. Mama alimweleza habari yote ya wapimaji, naye alipenda irudiwe kila wageni wakija. Lakini lile neno nililomwambia jikoni, mama hakulitaja. Nilikuwa nakaa pale wakati anasimulia, nikingoja lifike, na kila mara aliliruka kama alivyoruka ile mistari ya barua. Baba aliingia kaburini akijua kwamba mwanawe alidanganywa na mtu mzima, basi.

Mwaka huu tumemzika mama, amekaribia miaka tisini, watoto watano hai, wajukuu wamejaa boma lote. Nilipopewa nafasi ya kusema, nililisema lile neno mwenyewe, mbele ya kasisi na ukoo mzima. Nikasema, nilimwambia hivi, na akanifichia miaka yote hii. Nilidhani watu watanichukia. Kina mama wakainuka na kumpigia vigelegele, wakavirudia mpaka kwaya ikashindwa kuanza, nami mzee mzima nikalia na kucheka kwa pamoja.

Kwa hiyo nakuusia, mwanangu. Ukitoka kibandani watakupa kigoda. Keti, ni haki yako. Lakini kabla hujasema ndiyo kwa mwanaume yeyote, nenda kwanza ukasimame mlango wa jikoni umwulize mama yako. Uanaume unaoanza kwa kumnyamazisha mama ni njaa ya nyama tu. Kama baba wa boma yuko mbali kikazi, usikimbilie kukaa mahali pake. Chukua debe. Na kama ulishasema neno baya, usingoje mazishi kama mimi. Nenda leo, yeye akiwa anasikia.

Mungu akupe kisu chepesi na kidonda kinachopona upesi. Akupe mke atakayeulinda mpaka wako ukiwa mbali, na akupe akili ya kumsikiliza ukiwa karibu. Na mama yako aishi hadi achoke kujivunia wewe.