Mlinzi wa Robine Asiyekunywa Maji

Katika kambi ya wakimbizi karibu na Kibati, mabido, yale madumu ya maji, yamejipanga kwa adabu kuwashinda wenye kuyaleta. Mbele yao ameketi Léocadie Mukamazimpaka, ufunguo wa robine, bomba la maji, shingoni kama msalaba wa askofu. Maji yote ya kambi hupita mikononi mwake. Yeye, tangu alfajiri, hajameza tone.

“Nikikunywa, nitaenda chooni,” anasema. “Nikienda chooni, hapa itaanza vita ya pili.”

Hatanii. Mwezi uliopita aliondoka kidogo tu. Kurudi, mabido yamehama nafasi na mama wawili wameshikana vilemba. Msimamizi wa kambi akamwonya: ikitokea tena, ufunguo utapata shingo nyingine. Na dola moja ya siku, inayolisha wajukuu wanne tangu vita viwatoe Masisi, itaufuata.

Tatizo ni kisukari, kinachompeleka chooni kila mara. Akakitibu kwa akili ya kazi yake.

“Nilifikiri nikiikatia sukari maji, itanyamaza.”

Haikunyamaza. Maumivu yalimkamata ubavuni, akabebwa hadi zahanati. Kumbe jiwe kwenye figo! Jirani yake, Papa Dieudonné, akaleta bia, eti inasukuma mawe. Jiwe likakaa, sukari ikapanda.

“Sukari inasema kojoa, jiwe linasema kunywa, choo kinasema fuata mulongo,” analalamika, maana chooni nako kuna foleni. “Miye nisikie nani?”

Muuguzi Patricia, aliyekuja na bido lake kama raia wengine, anajibu bila kucheka, jambo ambalo si rahisi.

“Mama, hao wawili, sukari na jiwe, wanasaidiana. Kisukari kinafanya mukojo unakuwa mukali, na wewe unaunyima maji. Basi uchafu wake unagandamana, unakuwa jiwe. Kunywa maji. Hapana bia, hapana jus ya matunda. Na dawa ya sukari usiache.”

“Na robine?”

Léocadie anajaza kikombe, anakunywa, anajaza tena. Foleni inamkodolea macho. Baada ya muda anasimama, anavua ufunguo na kumvika Sidonie, bingwa wa kuruka foleni kambi nzima.

“Mama Léo, huyu mwizi wa nafasi?” wanapiga kelele.

“Ndiyo huyu. Nani atamwibia?”

Anaporudi, hakuna bido lililosogea. Sidonie amesimama wima, mkali kuliko jeshi.

Sasa Léocadie anataka kumwomba msimamizi amkubali Sidonie awe msaidizi wake. Na vita vikiisha, atafanya nini?

“Ninarudi Masisi. Kule choo changu hakina mulongo.”

Kisha anajaza kikombe cha tatu.