Fundi Aliyekwenda Kuposa

Kila Jumapili alasiri fundi wa kuchomelea kutoka Matisi hufika nyuma ya duka la kina Jaya mjini Kitale, mikono ikiwa imesuguliwa kwa sabuni mpaka imepauka. Hapo huchezwa mchezo wa masimulizi: kila mmoja ana askari wake wa farasi na upanga, Jaya, msichana wa dukani, husimulia yanayowapata, na dadu huamua. Fundi huongea kidogo. Dadu huzishika kwenye kiganja chenye makovu ya cheche kana kwamba ni mayai. Mwaka mzima askari wake amepigana vita vya watu ili aozwe binti mrithi wa ngome na mashamba, na leo Jaya, kwa sauti ya mama wa binti, alimwita aseme haja yake. Akikataliwa, binti ataozwa askari wa Wekoye, mchezaji mwenzake.

Fundi alivua kofia, akageuza kiti na kuipa meza mgongo.

"Si uongee na mama, bana," Wekoye akamcheka. "Ama umeogopa?"

"Kwetu mama mkwe haangaliwi usoni wala hashikwi mkono. Mwambie nimekuja."

Wekoye akaacha kucheka. "Ati amekuja," akamwambia Jaya aliyekuwa mbele yake.

"Arushe."

Fundi alirusha dadu juu ya bega bila kugeuka. Zilibingirika hadi ukingoni mwa meza, zikasimama. Jaya akaziinamia, akahesabu, akarudia.

"Umempata," alisema, akazunguka meza na kumnyooshea mkono ampongeze.

Fundi aliinuka, akaficha mikono nyuma, akarudi hatua moja, macho sakafuni.

"Asante, mama," akamjibu msichana wa umri wa kuwa mtoto wake.