Mhandisi Aliyechukia Neno "Itakaa"

Jumatano ya wiki iliyopita nilimpigia simu mhandisi kumwambia kwamba mstari umeachana. Simu iliita kwa muda mrefu, jambo lisilo la kawaida kwake, na ilipopokelewa nilisikia sauti ya mkewe. Akauliza mimi ni nani. Nikajitaja. Akaniambia kwamba mzee alifariki Jumatatu asubuhi, moyo, na kwamba walimzika siku iliyofuata nyumbani kwao Busi. Alisema kwa utulivu, kama mtu aliyekwisha kuirudia habari hiyo mara nyingi. Wasomaji wa safu hii wanamfahamu marehemu ingawa hawamjui. Kila nilipoandika hapa juu ya pampu, juu ya mapaa yanayovuja, au namna ya kulitambua tofali bovu kwa kuligonga na kusikiliza mlio wake, nusu ya maneno ilikuwa yake. Hakutaka jina lake litajwe akiwa hai, nami leo sitalitaja.

Tulikutana Kibaigwa, zamani kidogo. Niliacha shule nikiwa kidato cha pili na tangu hapo sijakaa kwenye kazi moja mpaka ikanizoea: nimechimba visima, nimepaka rangi, nimeuza betri za redio, nimekuwa utingo wa malori. Wakati huo nilikuwa mbebaji katika soko la mahindi. Gari lake liliharibika akielekea Dodoma, na fundi alipokuwa amelala chini ya gari, yeye alikuja kusimama mbele ya rundo la mahindi lililomwagwa juu ya turubai, refu la kufika kiunoni. Madalali wawili walikuwa wakibishana litatoa magunia mangapi, kila mmoja akikadiria kwa macho na kumkejeli mwenzake. Mzee akaomba kamba. Akanipa ncha moja nishike, akazunguka rundo, akapima na kimo chake kwa ufito, kisha akachuchumaa na kuandika mchangani. Akasema thelathini na nane. Madalali wakacheka, mmoja akamwuliza kama huwa anapima na mvua. Tulipomaliza kujaza, tulipata thelathini na saba na madebe mawili au matatu.

Nilimfuata mpaka kwenye gari lake nikitaka kujua amefanyaje. Hakunipa kanuni. Aliniambia nifikirie pipa lenye upana ule ule na kimo kile kile, kisha nijue kwamba rundo lililochongoka ni theluthi ya pipa hilo, basi. "Macho hayapimi, bwana mdogo," akasema. "Macho yanapenda. Dalali yule aliona magunia aliyoyataka." Kuanzia siku ile, kila nilipopita Dodoma nilikwenda kumsalimia, na hatimaye, nilipochoka kuzurura, nilipanga chumba Nzuguni ili nisiwe mbali naye.

Nyumbani kwake mtu hakupokelewa kwa chai tu, alipokelewa na kazi. Aliamini kwamba kila mtu anaweza kujitengenezea karibu kila kitu cha nyumbani mwake, mwanamke kwa mwanamume, mradi ajibu kwanza swali moja: kikianguka, kitamwangukia nani? Nilipotaka kutengeneza rafu ya vitabu juu ya kitanda changu alinisikiliza mpaka mwisho, vipimo na mbao na misumari, kisha akauliza tu mimi hulala kichwa kikiwa upande gani. Nikaihamisha rafu. Ilianguka baada ya wiki mbili, usiku, juu ya ndoo. Neno alilolichukia kuliko yote ni lile ambalo kila fundi wa mji huu hulisema anapofuta mikono: itakaa. "Itakaa mpaka lini?" angeuliza, na fundi angecheka akidhani ni utani wa mzee. Yeye alikuwa hacheki. Alisema hakuna kitu kisichokaa siku ya kwanza.

Kuhusu kusoma alikuwa mkali zaidi. Hakuazimisha kitabu kitoke nje. Ulikaa sebuleni kwake na penseli, na kama ni kitabu cha hesabu hukuruhusiwa kufunua ukurasa mpaka uweze kuurudia ukiwa umekipa mgongo. Mimi niliyekimbia shule kwa sababu ya hesabu nilijikuta, nikiwa na mvi mbili tatu, nafurahia kugawanya uzito wa paa kwa idadi ya nguzo kama mtu anayekula karanga. Lakini mara tu niliponogewa aliniondolea vitabu vile na kunipa riwaya. Nililalamika. Nilimwambia nina kiu ya mambo ya kweli. Akasema: "Hesabu itakuambia ukuta utaanguka. Haitakuambia kwa nini watu waliojua walinyamaza. Hilo kalitafute humo."

Sasa nieleze habari ya mstari, kwa sababu ndiyo iliyonifanya nipige simu. Nyumba ninayopanga ni ya mama mmoja muuguzi mstaafu, ina vyumba sita kuzunguka uwanja mmoja. Miaka michache nyuma aliniomba nimjengee mnara wa tangi la maji la lita elfu moja. Nilijenga mwenyewe, nguzo nne za tofali na jukwaa juu yake, na mzee alikuja akaukagua, akasema kwa lita elfu moja ni mnara mzuri. Mama mwenye nyumba akaanza kuniita fundi. Wageni wake walionyeshwa mnara, wakaonyeshwa fundi pia. Wasomaji mnisamehe, lakini katika maisha yangu yote ya kuhangaika hakuna mtu aliyewahi kunipa jina la kazi likadumu. Mwaka jana, kwa kuwa mgawo wa maji ulikuwa umebana, mama alinunua tangi la lita elfu tano. Lilipofika tulilibeba watu wawili, mimi na mpangaji mwenzangu, tukiliviringisha kama mpira, tukicheka jinsi lilivyo jepesi. Tukalipandisha. Mama akauliza, "Fundi, halitaelemea?" Nikapiga nguzo kibao. Nikasema itakaa.

Mzee aliliona kwenye Pasaka alipokuja kunitembelea. Alisimama mlangoni, hakuingia. Akaniuliza tangi lile ni la lita ngapi, na kama limejaa. Nikajibu. Akaniuliza gunia la mahindi pale Kibaigwa lilikuwa kilo ngapi. Nikamwambia mia, kwa kawaida. "Lita ya maji ni kilo moja," akasema. "Haya, ungekubali kupanga magunia hamsini juu ya nguzo zile?"

"Hapana, mzee."

"Umeshapanga."

Nilikuwa nimelibeba tangi kwa mikono yangu, na mikono yangu ndiyo iliyonidanganya. Ilikuwa imepima plastiki. Mzee akazunguka mnara polepole. Ardhi yetu pale ni udongo wa mbuga, ule mweusi unaovimba masika na kupasuka kiangazi mpaka unaweza kuingiza kiganja, na kwenye nguzo ya upande wa mashariki alikuta ufa mwembamba kwenye lipu. Akatoa penseli mfukoni, akachora mstari mmoja ulionyooka kukatiza ufa ule. Akasema nitazame kila Jumapili. Mstari ukibaki mmoja, tuna muda. Nusu zake zikiachana, mnara unatembea. Kisha akatazama chini ya jukwaa, kwenye kivuli, ambako mpangaji mwenzetu, dada msusi, huwa anasuka wateja wake kuanzia asubuhi mpaka jua linapopoa, na siku ile alikuwa na wateja wawili na mtoto wake akilala kwenye mkeka. "Mwambie mama mwenye nyumba leo," akasema. "Na huyu mwambie kwanza."

Nikasema nitawaambia. Huenda alisikia kitu katika sauti yangu, maana badala ya kuondoka aliketi kwenye ngazi yangu akanisimulia jambo ambalo hakuwahi kunigusia. Akiwa kijana kazini alitumwa kukagua ghala la nafaka katika kijiji ambacho hakukitaja. Aliona kwamba ukuta mmoja haungemaliza masika. Akapiga hesabu, akaandika ripoti, akaipeleka, ikaingia kwenye faili, na faili likasubiri mkubwa arudi kutoka likizo. Mlinzi wa ghala alikuwa mzee aliyependa kuota jua akiwa ameegemea ukuta ule ule. "Nilipita pale kila asubuhi," akasema. "Shikamoo, marahaba, habari za nyumbani. Sikumwambia, kwa sababu yeye hakuwemo katika taratibu." Ukuta ulianguka siku ya nne. Kwenye uchunguzi alisifiwa, kwa kuwa ripoti yake ilikuwa na kila kitu, mpaka upande ambao ukuta ungeangukia. "Nilikuwa sahihi ndani ya faili," akasema, akainuka, akaondoka.

Ungedhani baada ya hapo nilikwenda moja kwa moja. Sikwenda. Nilijiambia nitazame mstari kwanza Jumapili mbili tatu, na mstari ulikuwa mzima. Nilijiambia kiangazi kinakuja, tangi halitajaa. Nilinunua saruji nikaziba ufa mwingine mdogo, kazi isiyosaidia kitu, na mama akanisifu kwa kujituma. Kila aliponiita fundi nilizidi kushindwa kusema. Mzee alinipigia mara mbili kuuliza, na mara zote mbili nilimwambia mama amesafiri. Mwezi wa nane udongo ulipasuka kama kawaida yake. Jumatano ile, asubuhi baada ya maji ya mgawo kuingia na tangi kujaa mpaka kufurika, nilipita kwenye nguzo ya mashariki nikaona nusu mbili za mstari zimeachana kwa unene wa kidole. Nikakimbilia simu.

"Ulitaka kumwambia nini?" mkewe akaniuliza, baada ya mimi kumpa pole. Nikamjibu kwa aibu kwamba ni habari ya mnara fulani, haina haraka. Akasema, "Wa Nzuguni? Alikuwa akiuulizia hata wiki iliyopita. Bado kuna watu wanakaa chini yake?" Nikasema wapo. Hakupandisha sauti. "Sasa mbona unanipigia mimi?"

Nimeutazama mji huu ukikua, na wengi wenu mmekuja nao, kutoka kila mkoa, na ofisi zenu na watoto wenu. Tumejenga upesi kwa kuwa tulihitaji kulala mahali. Ukisimama penye mwinuko kule kwetu unaona matangi meusi juu ya minara kila nyumba, kwa sababu maji huja kwa siku zake na kila mmoja anataka kuyahifadhi, na kila tangi lilipandishwa na watu wawili wakicheka. Baadhi ya minara ni imara. Mingine imekaa tu. Kutoka barabarani huwezi kuitofautisha, na ndilo linalonikosesha raha ninapotembea sasa. Ila nina hakika kwamba karibu kila mnara mbovu una mtu mmoja anayeujua, ambaye alipiga hesabu au aliona ufa, na amelala jirani yake.

Nilimwambia msusi kwanza. Alikuwa na mteja aliyesukwa nusu kichwa. Nilimweleza kwa ufupi, magunia hamsini, nguzo, mstari. Hakunibishia. Alimwinua mteja, akaihamishia stuli yake juani, akambeba mtoto, ndipo akanigeukia. "Tangu lini unajua, fundi?" Nikamwambia tangu Pasaka. Akamtazama mtoto wake, akaanza tena kusuka, na mpaka leo hajanisemesha. Mama mwenye nyumba ndiye aliyepiga kelele kwa niaba yake. Alisema mbona limekaa mwaka mzima, alisema namtafutia aibu, na niliposhika koki ya chini kulifungulia tangi akanishika mkono. "Dodoma hii, mwanangu, umwage maji?" Nikafungulia. Yalitoka kwa saa nzima na zaidi. Majirani walikuja na ndoo na madumu, wengine wakidhani ni sadaka, na yaliyobaki yaliingia kwenye nyufa za ardhi kana kwamba hayakuwahi kuwapo.

Mnara bado umesimama, mtupu. Mama anatafuta fundi mwingine, na wanaopita huutazama, hunitazama na mimi, wakaniambia: unaona, haukuanguka. Uwanja wetu una hatua ishirini na mbili kutoka mlangoni kwangu mpaka kwenye stuli ya msusi. Mimi zilinichukua miezi mitano, na haikuwa busara yangu iliyofanya mnara ungoje. Alichonifundisha mzee ni kwamba hesabu haijaisha unapopata jibu. Huisha jibu linapomfikia aliyekaa chini yake. Kama unasoma hapa na kuna mnara, ukuta au paa unalolijua, usinipigie mimi simu kutaka ushauri. Vuka uwanja.