Konzi ya Alhamisi

Neno konzi lina maana mbili, na utotoni mwangu Likoni nilizijua zote mbili. Ya kwanza ni ile ya mwalimu wa chuo cha Kurani, vifundo vya vidole vinavyokushukia utosini ukikosea kusoma. Ya pili ni mchele au unga unaojaa kiganja kikifumbwa. Miaka ya mwisho kabla ya Uhuru, mimi na ndugu zangu tuliishi kwa hiyo ya pili, na kwa ajili yake watoto wenzetu walitupiga hiyo ya kwanza. Wakitupitia njiani huita, "Watoto wa konzi!" kisha mkono unashuka, ko, na mwenye mkono keshakimbia.

Baba alikuwa kibarua bandarini. Kila alfajiri alivuka feri, na jioni akarudi na vumbi la magunia shingoni. Alitangulia yeye, kwa maradhi ya kifua. Miaka miwili baadaye mama akashikwa na homa, na wiki haikwisha. Mimi, kifunguamimba, nilikuwa darasa la nne, nikaliacha hapo hapo na sijalirudia hadi leo. Nyuma yangu alikuwako mdogo wangu wa kike, kisha wa kiume, kisha kitinda mimba wetu, mtoto wa miaka minne ambaye halali mpaka ashike upindo wa kanga ya mama.

Arobaini ilipokwisha, ami yetu, nduguye baba, alikuja kutoka Changamwe. Hakuwa mtu mbaya. Alikaa barazani, akanywa kahawa, akanieleza mpango wake taratibu. Yule wa kike angekwenda kwake kumsaidia mkewe. Wa kiume angepelekwa kwa jamaa Miritini. Kitinda mimba angelelewa na shangazi Kisauni, nami nitafutiwe mume. Nyumba, alisema, haisimami kwa makuti anayoshona msichana. Nikamwambia itasimama. Akanipa muda hadi Idi ya Mfungo Tatu, ile ya kuchinja.

"Nikirudi nikakuta wamelala njaa hata siku moja," akasema, "nawachukua. Na usinililie."

Nilishona makuti mpaka vidole vikapasuka. Lakini makuti hununuliwa mtu anapojenga, na watu hawajengi kila siku, ilhali watoto hula kila siku.

Aliyetuokoa ni mjane wa nyumba ya pili, mzee wa pale pale Likoni, ambaye mtaa mzima tulimwita Nyanya. Siku moja aliniita, nikaitika abee, akanipa kikapu cha miyaa chenye kifuniko. Alikuwa ameshapita nyumba kumi na sita za jirani, ya kwake ikawa ya kumi na saba, na kila nyumba ilikuwa imetenga kopo moja lenye tundu kifunikoni, la kupita ngumi ya mtoto. Kila siku mama wa nyumba akipima chakula cha kupika, kabla hajaosha mchele au hajasonga sima, amwite mtoto wake mdogo kuliko wote achote konzi moja na kuitia koponi. Alhamisi baada ya alasiri nitapita mimi kufuata. Yule mtoto atachota tena mle koponi, konzi kwa konzi, mpaka kopo liishe, kila konzi akiitia kikapuni mwangu mwenyewe.

Nikamuuliza kwa nini mtoto, na mkono wa mtoto ni mdogo.

"Ndiyo maana," akasema. "Konzi ya mtoto haiumizi sufuria ya mtu. Wakitoa wasichokisikia, watatoa na kesho. Na mkono wa mtoto, mwanangu, unakua. Wa mama umeshafika pake."

Alikuwa na masharti mengine. Nisiseme naomba. Niseme, "Hodi wenyewe, nimefuata konzi," kama mtu anayefuata kitu chake kilichosahaulika. Nisitazame ndani ya kikapu mbele ya mlango wa mtu. Na nisiruke nyumba, hata nikijua haina kitu.

Sharti hilo la mwisho lilinishinda kulielewa. Nyumba moja ya mvuvi, mtoto wao alikuja mara tatu mfululizo, akatumbukiza ngumi yake chini ya kifuniko, akaifumbua, na nikasikia vizuri kwamba hakikuanguka kitu. Nikaenda kumshtakia Nyanya.

"Mkono uliingia?"

"Uliingia, Nyanya."

"Basi wametoa."

Mwezi uliofuata bahari ilipomkubali yule mvuvi, mtoto wao alianza kutia unga, tena bila kuambiwa. Hakuna aliyewahi kujua kwamba ulikuwapo wakati wa ngumi tupu, isipokuwa mimi na kikapu.

Tuliishi hivyo miezi kadhaa. Mchele na unga vilichanganyika, na ndani yake zilikuwamo kunde, choroko, na mara nyingine jiwe dogo, kwa sababu watoto ni watoto. Mdogo wangu wa kike akawa bingwa wa kupepeta na kutenganisha. Hatukushiba sana, lakini hatukulala njaa. Nilichokuwa nikikichukia ni ule mwendo wenyewe. Nilikuwa msichana mkubwa, nimeanza kutazamwa, na kila Alhamisi ninakwenda mlango kwa mlango na kikapu, nyuma yangu watoto wanaimba konzi, konzi.

Ndipo, katikati ya Ramadhani, likaja gunia.

Tajiri mmoja mwenye mashamba ya minazi alisikia habari zetu msikitini. Akaja na mkokoteni, na juu yake gunia zima la mchele mweupe. Watu wakakusanyika, ikasomwa dua, akatuweka mikono vichwani, machozi yakimlengalenga. Alikuwa mkweli, na mpaka leo namwombea. Nami siku ile nililia kwa furaha, na nusu ya furaha yangu ilikuwa kwamba sitabeba tena kikapu.

Nyanya hakuwepo. Binti yake alikuwa amejifungua kule Kisauni, naye alikwenda kumtunza. Kwa hiyo hapakuwa na wa kunizuia. Alhamisi iliyofuata nilipita nyumba zote kwa mara ya mwisho, mikono mitupu, nimejitanda buibui la mama, nikawaambia kwa adabu zote kwamba Mungu amefungua mlango, wasijisumbue tena, wapumzike. Wengine walisema alhamdulillahi. Wengine walinitazama tu. Jirani mmoja, mama muuza mahamri, alirudi ndani na kopo lake mkononi, nami nikadhani ameona uvivu kunijibu.

Idi ikaja tukala pilau. Mfungo Mosi ukapita, Mfungo Pili ukaingia. Gunia likawa linajikunja shingo, kila wiki chini kidogo, mpaka ikabidi kitinda mimba wetu aingize kichwa ndani ili afikie mchele. Hapo ndipo Nyanya aliporejea. Alikuta kikapu kimetundikwa ukutani, buibui wa kweli amekitandia utando. Nikamweleza yote, nikitaraji pongezi.

"Uliwaambia wapumzike?"

"Ndiyo, Nyanya."

"Nani alikwambia wamechoka?"

Akaingia kwake bila kuniaga, na kwa mtu wa adabu zake, hilo lilikuwa kubwa kuliko konzi yoyote ya kichwani.

Alhamisi ile nilikisafisha kikapu nikatoka. Nyumba ya kwanza kopo lilikuwa la misumari. Ya pili walikuwa wamepandia mrehani. Ya tatu mama aliona haya, akaninyweshea maji, akanieleza kwamba mtoto wake alilia siku mbili nilipoacha kuja, akidhani amekosa, kisha akasahau. Kwa muuza mahamri nilikuta watu barazani.

"Aa, Bibi Gunia!" akasema. "Leo umeikumbuka njia ya kwetu? Kopo lako nimetilia chumvi. Nikumwagie chumvi yangu?"

Wakacheka. Nilirudi na konzi tatu, na moja kati ya hizo ilikuwa ya nyumba ya Nyanya, iliyotiwa na mjukuu wake. Idi ya Mfungo Tatu ilikuwa imebaki wiki tatu na ushei. Chini ya gunia mlikuwa na mchele wa siku chache. Jioni ile nilimtazama mdogo wangu wa kike akipepeta vile vikonzi vitatu kwa uangalifu kama zamani, nikaona kwamba ni mimi niliyemfungia mzigo wa kwenda Changamwe.

Kesho yake Nyanya alikuja akaketi kwenye mkeka wetu. Akaniuliza nyumba zilikuwa ngapi. Nikasema kumi na saba.

"Na ya kwenu?"

Nikamwambia ya kwetu ndiyo inayopokea.

"Kwani nyumba yenu haina mtoto wa mkono mdogo?"

Mwisho wa njia yetu walikuwa wamehamia watu wa bara ya pwani, Wakristo kutoka upande wa Rabai. Mume alikuwa mchukuzi, amevunjika mguu, analala kitandani. Mke anahangaika na vibarua vya shamba na watoto wawili. Nilikuwa nawaona kila siku. Haikunijia kabisa kwamba nami ninaweza kuwa mtu wa kuwatazama.

Alhamisi iliyofuata nilimwita kitinda mimba. Akaingia gunini mpaka mabegani, akatoka na konzi yake, akaitia kikapuni, na kwa fahari aliyokuwa nayo ungedhani ni yeye tajiri wa mkokoteni. Kisha nikatoka. Kila mlango nilisema maneno yale yale ya zamani, na kuongeza machache. "Hodi wenyewe. Nimefuata konzi, yetu na ya wale wa mwisho wa njia. Ya kwetu imo tayari."

Muuza mahamri alikunja uso. "Ya kwenu? Mmeitoa wapi?"

"Katika gunia, mama."

"Limebaki kiasi gani?"

"Mtoto akiingia haonekani."

Alicheka, lakini kicheko chengine, akageuka na kumwita binti yake amwage chumvi kwenye karatasi na alete lile kopo. Akaniambia, huku akilipangusa kwa kanga yake, kwamba siku ile nilipowaambia wapumzike alijihisi kama mtu aliyetolewa kwenye safu ya swala. Unga wa mahamri ulikuwa wake, akasema, na binti ni wake. Nani amenipa ruhusa ya kuwafukuza?

Siku ile milango kumi na miwili ilifunguka. Tukagawa na wale wa Rabai nusu kwa nusu.

Ami alikuja Alhamisi ya mwisho kabla ya Idi. Alikuwa na habari za gunia, na alipoingia alilikuta limekung'utwa na kukunjwa, mdogo wangu wa kiume amelikalia kama mswala. Hakuketi.

"Gunia limekwisha," akasema.

"Limekwisha, ami."

"Basi wafungie nguo zao."

Nikamwambia sawa, lakini ni Alhamisi, na alasiri imepita, anisubiri nirudi. Sijui aliona nini usoni mwangu. Alisema atafuatana nami.

Alinifuata nyuma, hatua kumi hivi, mikono mgongoni. Mlango wa kwanza, wa pili, wa tano. Nyumba zote kumi na saba zilikuwa zimesharudi, na kila mahali mtoto alitoka mbio na kopo, maana sasa walikuwa wakishindana nani ana konzi kubwa. Mmoja alitumia mikono miwili, mamake akamkemea kwamba sharia ni mmoja. Kwa wale wa mwisho wa njia nilisimama kama kawaida. Binti yao mdogo akatoka, ngumi imefumbwa, akaiingiza chini ya kifuniko, akaifumbua. Sikusikia kitu kikianguka. Nikamwambia ahsante. Ami alikuwa karibu, naye hakusikia kitu, na nikaona amefahamu.

Tuliporudi aliketi barazani kwa mara ya kwanza. Akamwita kitinda mimba, akampiga konzi ya utosini, nyepesi, ya mapenzi, mtoto akacheka.

"Nilikuja kuwapeleka kwenye nyumba tatu," akaniambia. "Wana kumi na nane. Nitawaeleza nini watu wa Changamwe?"

Kisha akauliza kama kikapu kinapokea mikono ya watu wazima. Nyanya, aliyekuwa akitusikiliza kutoka kwake, akaita kwamba hapana, mkono wake umeshafika pake, alete mjukuu. Ami hakuwa na mjukuu bado. Lakini toka siku ile, kila alipovuka kuja kwetu alikuja na mtoto wa mtu yeyote aliyemwazima Changamwe, apate kutoa konzi.

Sisi wanne tulikulia katika nyumba ile ile. Nimekuja kuongoza chama cha akina mama kwa miaka mingi, na magunia yamekuja, mengine kwa malori. Huyapokea kwa mikono miwili na kuwaombea dua walioyaleta. Kisha huwauliza wenzangu Alhamisi watapita saa ngapi.

Mwaka ule bendera ya Uhuru ilipopandishwa, watu walikuwa wakishona nguo mpya na kupaka nyumba chokaa, nami nikapata kazi ya makuti kuliko wakati wowote. Alhamisi moja ya siku hizo kitinda mimba wetu alichota konzi yake katika kopo letu wenyewe la nyumbani, ikakwama. Ngumi iliyojaa haikupita tena tunduni. Alijaribu kuigeuza hivi na hivi, akanitazama, akaniuliza kama apunguze.

Nikachukua kisu na nyundo, nikalipanua tundu.